Shika Adabu: Uhakiki wa Sura ya Kiswahili ya Kompyuta na Mapokezi Yake

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki matini ya aina ambayo idara zetu za lugha hazijazoea kuihakiki, nayo ni maneno yaandikwayo juu ya uso wa kompyuta ili mtumiaji ajue afanye nini. Wataalamu wa fani hiyo huuita uso huo kiolesura. Sisi tutauita sura. Matini yake ni fupi mno, aghalabu neno moja, pengine mawili. Haina mwandishi ajulikanaye kwa jina. Hata hivyo husomwa mara nyingi kwa siku kuliko shairi lolote, na kila inapobadilishwa wasomaji wake hulalamika, hucheka, au huiacha kabisa. Twashika kwamba malalamiko hayo, na kicheko hicho, ni uhakiki, hata kama wanaoutoa hawajiiti wahakiki.

Mahali tulipopachagua kuwa kipimo ni Shika Adabu, wadi mojawapo ya Likoni, ng'ambo ya kusini ya kivuko cha Mombasa. Sababu ni mbili. Kwanza, hapa hapana awezaye kudai kwamba Kiswahili ni lugha ya kitabuni. Mswahili wa Mvita, Mdigo, na aliyehamia kutoka bara, wote hukutania katika Kiswahili sokoni, kazini na barazani. Ikiwa sura ya Kiswahili ya kompyuta inakataliwa hapa, basi haikataliwi kwa sababu lugha haijulikani. Sababu ya pili ni jina lenyewe. Kisarufi, Shika Adabu ni sentensi kamili yenye kitenzi cha kuamrisha na yambwa yake, na ndio umbo lile lile ambalo kompyuta huzungumza nalo: Fungua faili, Hifadhi kazi, Chagua lugha. Mkazi wa mahali penye jina kama hilo ana haki ya kuuliza ni nani anayeamrisha, na ni nani anayeamrishwa.

2. Sura inapobadilika

Yafaa tuanze na kisa kinachojulikana ulimwengu mzima. Mwaka 1995 kampuni ya Microsoft ilitoa Windows 95, ambayo pembeni chini mkono wa kushoto ilikuwa na kitufe cha kuanzia. Kwa miaka kumi na saba kitufe hicho kilibaki pale pale, ingawa rangi na mapambo yalibadilika. Oktoba 2012 ilipotolewa Windows 8, kitufe kiliondolewa na mahali pake pakawekwa ukurasa mzima wa vigae vya rangi. Watumiaji walilalamika katika kila nchi. Oktoba 2013, katika toleo la 8.1, kitufe kikarudishwa, na Julai 2015 Windows 10 ikairudisha orodha yake pia. Mwaka 2021 Windows 11 ikakihamisha kitufe hicho hadi katikati, na malalamiko yakaanza upya.

Wahandisi wengine waliyaeleza malalamiko hayo kuwa ni uvivu wa watu kujifunza jambo jipya. Maelezo hayo hayatoshi. Alama inayokaa mahali pamoja kwa miaka kumi na saba haiwi tena pambo. Imekuwa neno, na mkono umejifunza kulitamka. Kuiondoa ni sawa na kulifuta neno katika kamusi na kuwaambia wasemaji kwamba tangu leo watumie lingine. Mwanaisimu hashangai wasemaji wanapokataa. Anachouliza ni kama neno jipya limekuja na maana mpya, au limekuja kuliondoa la zamani tu.

Swali hilo hilo ndilo linalohusu sura ya Kiswahili. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilizaa Jambo OpenOffice, mkusanyiko wa programu huria za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo wa 2004 Microsoft nayo ilitangaza mpango wa kutafsiri, na katikati ya mwongo ule pakiti ya lugha ya Kiswahili kwa ajili ya Windows XP na Office 2003 ikatolewa bila malipo. Hazikuwa kazi ndogo. Maelfu ya istilahi yalihitaji kupatikana, na wataalamu wa Kiswahili walishirikishwa. Wenye kuzibeza leo wanasahau kwamba kabla yake hapakuwa na chochote.

Lakini yafaa kukumbuka jinsi pakiti ile ilivyoundwa. Haikuwa mfumo wa Kiswahili. Ilikuwa gamba lililovikwa juu ya mfumo wa Kiingereza, na lilifunika yale tu yaliyotumika zaidi. Mtumiaji aliyeingia ndani kidogo alikuta Kiingereza kinamngoja. Tena gamba lenyewe lilifungamana na toleo lake. Aprili 2014 Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows XP, sura ya kwanza ya Kiswahili nayo ikazeeka pamoja nayo. Kila toleo jipya likadai tafsiri mpya, na msamiati haukupewa muda wa kukaa mahali pamoja hata mkono ukauzoea, kama ulivyokizoea kile kitufe.

3. Kicheko kama uhakiki

Katika vibanda vya kompyuta vya Likoni, ambako watu huenda kupiga chapa barua, kutoa nakala na kujaza fomu za serikali, Kiswahili ndicho kinachosemwa na Kiingereza ndicho kinachoonekana kwenye kioo. Mwenye kibanda akijaribu kuigeuza sura kuwa ya Kiswahili, la kwanza litakalosikika ni kicheko. Watu hukicheka kipanya. Hulicheka kabrasha. Wakiambiwa tarakilishi, huuliza kama kompyuta imekufa.

Wasomi wengi hukisikia kicheko hicho na kukata shauri kwamba Mkenya hukidharau Kiswahili chake kwa sababu amesomeshwa kwa Kiingereza. Hoja hii ina ukweli wake, maana somo la kompyuta shuleni hufundishwa kwa Kiingereza, na mtu huyajua mambo kwa majina aliyofundishwa. Lakini kama dharau ndiyo sababu ya pekee, basi hatuwezi kueleza jinsi watu hao hao walivyoyapokea maneno ya simu. M-Pesa ilianzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, na kampuni ya Safaricom imezipa huduma zake majina kama Sambaza, Okoa Jahazi, Lipa na M-Pesa, na, tangu 2019, Fuliza. Hayo ni maneno ya Kiswahili tena ya kuamrisha, na hapana anayeyacheka. Fuliza, kitenzi ambacho wengi hawakuwa wakikitumia kila siku, kimegeuka kuwa nomino, na mtu husema anadaiwa fuliza. Watumiaji wamekwenda mbali zaidi. Ile sauti ya simu iliyozoea kusema kwamba mteja hapatikani imewapa vijana msemo mpya, kwamba fulani ni mteja, yaani simu yake haipatikani. Neno lililotoka katika mashine limemezwa, limebadilishwa maana, na kurudishwa mtaani.

Kuna nini basi kati ya fuliza na kipanya? Twapendekeza kanuni mbili. Kanuni ya kwanza ni ya wakati. Jina linalokuja pamoja na kitu hupokewa pamoja na kitu, ilhali jina linalokuja baadaye, kukibadilisha jina kitu kilichokwisha kuzoeleka, hupingwa. Fuliza haikuwa na jina jingine. Kipanya kilikuta mausi amekwisha kukaa kitini. Huku ni kupinga kule kule tulikokuona mwaka 2012 kitufe kilipoondolewa, wala hakuna uhusiano na kudharau lugha.

Kanuni ya pili ni ya mzizi. Kuna maneno yaliyokuja nyuma ya Kiingereza na bado yakakubalika, kwa kuwa yalichimbwa katika kazi ambayo watu wanaijua. Mfano bora ni pakua. Jikoni, kupakua ni kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Bandarini Kilindini, ambako wengi wa watu wa Likoni huvuka kwenda kutafuta riziki, kupakua ni kutoa shehena melini, na kinyume chake ni kupakia. Neno linapotumika kwa kuiteremsha picha au wimbo kutoka mtandaoni, halihitaji kuelezwa, kwani msikilizaji ameona jambo likishuka kutoka kwenye chombo kikubwa kuingia kwenye kidogo. Hifadhi nalo ni hivyo. Mtoto wa chuoni ahifadhiye juzuu anajua kwamba kuhifadhi ni kukiweka kitu kisipotee hata kitakapotakiwa. Ghairi ni teuzi la ustadi, maana mtu wa pwani husema ameghairi safari alipobadili nia kabla ya kutenda, na hivyo hasa ndivyo kitufe kile kinavyofanya. Bofya, lililokuwa neno la kuminya kitu laini kwa kidole, limekaa vyema zaidi siku hizi za vioo vya kuguswa kuliko lilivyokaa zamani za kipanya.

Kwa upande wa pili, kipanya ni tafsiri ya sitiari ya wengine. Mmarekani aliona chombo kidogo chenye mkia akakifananisha na mnyama. Sisi hatukukiona, tuliambiwa tu. Huko Dar es Salaam jina hilo hilo lilikwisha kupewa mabasi madogo ya abiria, na hapo watu walikuwa wameona wenyewe, kwa hiyo likashika. Kadhalika sitiari ya meza ya ofisini, yenye majalada juu yake, ilibuniwa katika maabara za kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, miaka ya 1970, kwa ajili ya watu waliokaa mezani mchana kutwa. Kuiita eneokazi ni kuyatafsiri maneno na kuiacha picha ilikokuwa.

4. Nani anamwambia nani?

Sasa tuingie katika jambo ambalo twaliona kuwa zito kuliko istilahi, nalo ni adabu ya usemi. Tutazame vitenzi viwili, Hifadhi na Subiri. Vyote ni vya kuamrisha, vyote viko katika nafsi ya pili umoja. Lakini Hifadhi ni neno ambalo mtumiaji anaiambia mashine, ilhali Subiri ni neno ambalo mashine inamwambia mtumiaji. Sauti mbili zimevikwa vazi moja. Mtumiaji mzoefu hazichanganyi, kwa kuwa mkono wake unajua. Mgeni, hasa mzee, huona amri zimemzunguka pande zote, wala hajui zipi ni zake na zipi ni za mwenziwe.

Linganisha na mazungumzo ya kweli ya kibandani. Mama mtu mzima hamwambii kijana Chapisha. Husema, Mwanangu, nitolee nakala mbili. Kijana naye hamwambii Subiri. Husema, Mama, ngoja kidogo, inatoka sasa hivi. Kuna mambo mawili hapa. Kwanza ni jina la kuitana, ambalo huilainisha amri bila kuhitaji tafadhali. Pili ni kile kiambishi cha kutendea katika nitolee. Kiswahili hutaka kujua kazi inatendwa kwa ajili ya nani. Ndiyo maana hata wanaokopa vitenzi vya Kiingereza hawaviachi vilivyo, bali husema nisevie, niprintie. Mpita njia atasema hiyo ni lugha iliyoharibika. Mwanaisimu ataona kwamba mtumiaji ameitengeneza kasoro ya mfasiri kwa kurudisha uhusiano wa watu wawili mahali ambapo sura ya kompyuta imeuondoa.

Hatusemi kwamba kompyuta imwite mtu mama au ami, kwani haimjui. Twasema kwamba Kiswahili kina njia za kuepuka amri pale ambapo amri haifai. Badala ya Subiri, yatosha kuandika Kazi inaendelea. Badala ya kumwamrisha mtu aandike neno la siri, yatosha kuandika Neno lako la siri, na kumwachia nafasi ya kulijaza. Amri ibaki kwa vitufe peke yake, mahali ambapo mtu ndiye bwana na mashine ndiyo mtumishi. Mpaka huo ukilindwa, msomaji atajua kwa umbo la sentensi ni nani anayesema. Usipolindwa, hutokea kichekesho kijulikanacho: mtu anaulizwa kama anataka kughairi, na kati ya majibu mawili anayopewa, mojawapo ni Ghairi.

5. Mapengo na ngeli

Kosa la tatu linatokana na jinsi programu zinavyoandikwa. Mhandisi huandika sentensi moja yenye pengo, na kompyuta hulijaza pengo kwa jina la kitu kilichohusika. Katika Kiingereza kitenzi hakijali kilichojaza pengo. Katika Kiswahili kitenzi kinajali sana: picha imefutwa, kitabu kimefutwa, waraka umefutwa, jina limefutwa, mtumiaji amefutwa. Mfasiri aliyepewa sentensi moja tu hana budi kuchagua ngeli moja, na kwa kawaida huchagua imefutwa. Matokeo yake ni kitabu imefutwa, sentensi ambayo mtoto wa darasa la kwanza angesahihishwa. Hapo mtumiaji wa Shika Adabu hacheki tena istilahi, bali huhukumu kwamba mashine haijui Kiswahili, na hukumu yake ni sahihi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba dawa imo ndani ya lugha yenyewe. Ukiandika Umefuta kitabu, Umefuta picha, kitenzi hakibadiliki, ingawa sentensi hiyo yaweza kumtia mtu hatiani kwa jambo lililofanywa na mashine. Ukiandika Kilichofutwa: picha, umeitumia ngeli ya kitu kuvibeba vitu vyote, na wingi wake ni Vilivyofutwa: picha 3. Hakuna ngeli iliyovunjwa wala mtu aliyelaumiwa. Suluhisho kama hili halipatikani kwa kutafsiri neno kwa neno kutoka katika orodha. Hupatikana pale mjuzi wa sarufi anapokaa na mhandisi kabla sentensi haijaandikwa. Kwa miaka yote hii mwanaisimu ameitwa baada ya kazi kwisha, akabandike majina.

6. Kiswahili cha nani?

Katika orodha ya lugha za Windows, kwa muda mrefu Kiswahili kiliandikwa kuwa ni cha Kenya. Msomaji wa Mombasa angeweza kufikiri kwamba amepewa chake. Alipoifungua sura, alikuta Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja. Hilo lina historia. Mkutano wa mwaka 1928 uliopendekeza Kiunguja badala ya Kimvita ulifanyika papa hapa Mombasa, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Asemaye ndoo kwa kumwita mtu, na ndia kwa kutaja njia, aliambiwa kwamba ndoo ni chombo cha kutekea maji. Kwa maneno mengine, watu wa Mvita walikwisha kubadilishiwa sura ya lugha yao zamani kabla hawajabadilishiwa sura ya kompyuta, na mara ile hapakuwa na toleo la pili la kukirudisha kitufe.

Hatutaki kuufufua ugomvi ule. Usanifu umetupa magazeti, vitabu na jarida hili lenyewe. Lakini kinachoonekana sasa ni kwamba usanifu nao umepasuka. Kwa kifaa kimoja kuna kompyuta, tarakilishi na ngamizi. Kwa neno la kuingilia kuna nywila na nenosiri. Kwa ule mstari wa zana juu ya kioo, Microsoft imetumia mwambaa, na Google imetumia upau. Tuyatazame maneno haya mawili ya mwisho. Mwambaa limetokana na kuambaa, yaani kupita kando kando, kama jahazi liambaavyo pwani. Upau ni ule mti mwembamba wa paa ambao makuti hufungwa juu yake. Yote mawili ni maneno ya watu wa pwani, na lolote kati yake lingeweza kushika. Yaliyoyadhoofisha ni kuwekwa yote mawili, kila kampuni na lake, hata mtumiaji ahamapo kutoka mashine moja kwenda nyingine huona afadhali ashike neno la Kiingereza, ambalo angalau halihami.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mapokezi baridi ya sura ya Kiswahili ya kompyuta hayatokani na udhaifu wa lugha, wala hayatokani na dharau ya wasemaji peke yake. Yanatokana na majina kuchelewa, na sitiari zisizoonwa na wanaozitumia. Yanatokana pia na amri zisizotofautisha anayesema na anayeambiwa, na sentensi zilizoandikwa bila kujali ngeli, na msamiati unaobadilika kabla haujazoeleka. Kila moja ya kasoro hizi yaweza kurekebishwa, na zote zimo katika eneo la utaalamu wa idara zetu.

Jambo lililo hatarini si dogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ahadi hiyo itakuwa na maana gani ikiwa raia, anapotaka hati ya serikali yake mwenyewe, hana budi kumlipa kijana wa kibandani amsomee kioo? Anayetozwa ushuru huo ni yule yule ambaye Kiswahili chake hakina shaka.

Twapendekeza basi mambo matatu. Istilahi zijaribiwe mbele ya watumiaji, mahali kama Likoni, kabla hazijatangazwa, na kicheko chao kiandikwe kama ushahidi. Baraza la Kiswahili la Taifa huko Tanzania, vyuo vikuu vya Kenya na watengenezaji wa programu wakubaliane juu ya istilahi chache za msingi, kisha wasiziguse hata sura ikibadilika mara kumi. Na somo la kutafsiri katika idara zetu lijumuishe matini hizi fupi, ili mwanafunzi ajue kwamba kuandika Kazi inaendelea badala ya Subiri ni uamuzi wa kimtindo wenye uzito sawa na uamuzi wowote wa mshairi. Wakati uliobaki si mwingi, kwani sehemu kubwa ya kazi hii sasa hupitishwa katika mashine za kutafsiri, na mashine hizo hujifunza kutokana na yale yaliyokwisha kuandikwa. Zikiikuta kitabu imefutwa mara nyingi zaidi kuliko kitabu kimefutwa, zitafundisha hivyo.